Kazakhstan

Kazakhstan (kwa Kikazakhi: Қазақстан) ni nchi kubwa ya Asia ya Kati. Imepakana na Urusi, China, Kirgizia, Uzbekistan na Turkmenistan. Sehemu yake ndogo iliyoko magharibi kwa mto Ural huhesabiwa kuwa ya Ulaya. Ikiwa na eneo la km² 2,724,900 ni nchi ya 9 kwa ukubwa duniani, na ni kubwa kuliko nchi zote zisizo na pwani kwenye bahari kuu. Wakazi walifikia milioni 20 mwaka 2023.

Mji mkuu ni Astana lakini mji mkubwa zaidi ni Almaty.

Jiografia

Sehemu kubwa ya nchi ni tambarare ya nyasi fupi, karibu bila miti. Kuelekea kusini nyasi hupungua hadi kuwa jangwa. Kusini-mashariki kuna milima ya Tian Shan yenye barafu ya kudumu. Kilele cha Khan Tengri hufikia takriban mita 7,000. Upande wa pili wa nchi, karibu na Bahari ya Kaspi, bonde la Karagiye liko mita 132 chini ya usawa wa bahari. Kwa kuwa bahari kuu iko mbali, majira hutofautiana sana: Astana huwa na joto kali wakati wa kiangazi, na baridi inaweza kushuka chini ya sentigredi -40.

Tatizo kubwa ni maji. Mito ya Ili na Irtysh huanza China, na Syr Darya hupita kwanza katika nchi nyingine za Asia ya Kati, hivyo Kazakhstan hupata kile ambacho majirani wamebakiza. Ziwa Balkhash, ambalo nusu yake ya magharibi ina maji matamu na nusu ya mashariki maji ya chumvi, hutegemea hasa mto Ili. Ziwa Aral lilianza kukauka katika miaka ya 1960, baada ya serikali ya Kisovyeti kuelekeza maji ya Syr Darya na Amu Darya kwenye mashamba ya pamba. Bandari ya Aralsk ilibaki mbali na maji na uvuvi ukafa. Lambo la Kokaral lililokamilika mwaka 2005 limerudisha maji na samaki katika sehemu ya kaskazini. Sehemu ya kusini, iliyo kubwa zaidi, haikufaidika.

Historia

Miji ya kusini kama Taraz na Otrar ilistawi kwa biashara ya Njia ya Hariri. Mwaka 1218 gavana wa Otrar aliwaua wafanyabiashara waliotumwa na Genghis Khan. Wamongolia walirudi na jeshi mwaka uliofuata wakauangamiza mji.

Dola la Wakazakhi lilianzishwa na Kerei na Janibek mnamo 1465. Wakazakhi walikuwa Waislamu wenye lugha ya Kituruki, wafugaji wa kuhamahama wa farasi na kondoo, na waligawanyika katika makundi matatu yanayoitwa "juz". Mwaka 1731 Abul Khair, khan wa Juz Ndogo, aliapa utii kwa Urusi akitafuta msaada dhidi ya Wadzungari. Msaada huo ulikuwa ghali: hadi mwisho wa karne ya 19 nchi yote ilikuwa chini ya Warusi, na walowezi walipewa malisho bora.

Pigo kubwa zaidi lilikuja chini ya Stalin. Wafugaji walilazimishwa kukaa mahali pamoja na mifugo yao ikachukuliwa. Katika njaa ya miaka 1930–1933 walikufa watu takriban milioni 1.5, wengi wao Wakazakhi, na wengine walikimbilia China. Baadaye Wakorea, Wajerumani wa Volga na Wachecheni walihamishiwa huko kwa nguvu, na kuanzia 1954 walifika wakulima wa kulima mbuga ya kaskazini. Hivyo Wakazakhi wakawa wachache katika nchi yao wenyewe.

Kutoka Baikonur Yuri Gagarin alirushwa angani mwaka 1961. Karibu na Semipalatinsk Wasovyeti walifanya majaribio 456 ya nyuklia kati ya 1949 na 1989, na wakazi wa vijiji vya jirani walipata madhara ya mnururisho. Kituo hicho kilifungwa tarehe 29 Agosti 1991, baada ya harakati ya wananchi iliyoongozwa na mshairi Olzhas Suleimenov.

Tangu uhuru

Kazakhstan ilitangaza uhuru tarehe 16 Desemba 1991, ikiwa jamhuri ya mwisho ya Kisovyeti kufanya hivyo. Vichwa vya nyuklia vilivyobaki nchini vilikuwa vimerudishwa Urusi hadi 1995. Rais Nursultan Nazarbayev alihamisha mji mkuu kutoka Almaty mwaka 1997. Alipojiuzulu mwaka 2019 Astana iliitwa Nur-Sultan kwa heshima yake, lakini jina la awali lilirudishwa 2022.

Uchumi hutegemea mafuta ya Tengiz na Kashagan, ambayo mengi husafirishwa kwa bomba hadi bandari ya Urusi ya Novorossiysk. Nchi pia huongoza duniani kwa kuchimba urani. Faida haikuwafikia wote: Januari 2022 kupanda kwa bei ya gesi ya magari kulileta maandamano Zhanaozen, mji wa mafuta, yakaenea hadi Almaty, na watu zaidi ya 200 waliuawa. Katika kura ya Oktoba 2024 wananchi walio wengi walikubali kujengwa kwa kituo cha umeme wa nyuklia. Mahali palipochaguliwa ni Ulken, kando ya Ziwa Balkhash.