Mgonjwa, Dresa na Daktari: Historia ya Maelezo ya Tiba Tanganyika

Historia ya tiba ya Tanganyika imezoeleka kuandikwa kama historia ya majengo, dawa na kampeni dhidi ya maradhi, ilhali hakuna tiba inayoanza bila mgonjwa kujieleza na mtabibu kumsikiliza. Mazungumzo hayo nayo yana historia yake, nayo inaonyesha kwamba kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 aliyebeba mzigo wa kumwelewesha mgonjwa hakuwa daktari, bali mtumishi wa ngazi ya chini ambaye utawala haukumhesabu kuwa mtaalamu.

Kabla ya ukoloni, Usambara na kwingineko, mgonjwa hakwenda kwa mganga peke yake. Ndugu ndio walioshauriana aende kwa nani na alipiwe nini, na mganga alipopiga ramli, yaani alipotafuta kwa uaguzi chanzo cha maradhi, aliuliza kuhusu maumivu ya mwili pamoja na magomvi, madeni na miiko iliyovunjwa, huku jamaa wakikubali au kukataa alichokisema. Utaratibu huo haukumtendea kila mtu haki, kwa kuwa mke au kijana aliweza kuamuliwa matibabu bila kauli yake kusikika. Hata hivyo, ugonjwa ulizungumzwa hadharani, na uamuzi ulitolewa baada ya watu kuelewana.

Utawala wa Wajerumani ulileta utaratibu mwingine. Mwaka 1906 na 1907 tabibu Robert Koch alifanya utafiti wa malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, katika visiwa vya Sese nchini Uganda, na baadaye kambi ya matibabu ikafunguliwa Kigarama katika utawala wa Kiziba, magharibi mwa Ziwa Victoria. Wasaidizi wa Kiafrika walipita vijijini wakipapasa shingo za watu ili kutafuta tezi zilizovimba, kwa kuwa uvimbe huo ulichukuliwa kuwa dalili ya malale hata kwa mtu aliyejiona mzima. Dawa iliyotumika, atoksili, iliwapa wengi nafuu ya muda lakini ikawapofusha baadhi yao, na wagonjwa walipima wenyewe faida na hasara, wakakaa kambini au wakaondoka. Hapo mwili ulikaguliwa kwa makini kuliko maneno ya mwenye mwili yalivyosikilizwa.

Chini ya Waingereza, hasa kuanzia mwaka 1926, mamlaka za wenyeji, yaani serikali za machifu zilizotambuliwa na ukoloni, zilianza kuajiri madresa waliofunzwa kusafisha vidonda, kufunga bendeji na kutoa dawa chache katika zahanati za vijijini. Dresa alijua lugha ya mahali na adabu zake: alijua ni swali gani haliulizwi mbele ya mkwe, na ni maumivu gani mwanamke hayataji kwa mwanamume asiye wake. Hospitalini, maelezo ya mgonjwa aliyezungumza Kisukuma yaliweza kugeuzwa kwa Kiswahili na mtumishi wa aina hiyo, kisha daktari akayaandika kwa Kiingereza, na katika kila hatua kitu kiliweza kupotea.

Miaka hiyohiyo, sindano za kutibu buba, maradhi ya vidonda vya ngozi yaliyowasumbua zaidi watoto, ziliponya kwa namna iliyoonekana kwa macho, na watu wakaanza kuidai sindano hata kwa maradhi mengine. Imani hiyo ilijengwa na matokeo, si na maelezo. Kwa upande mwingine, uvumi wa mumiani, yaani watu waliodaiwa kunyonya damu ya wengine ili itengenezwe dawa, ulienea pwani na bara, na haikuwa rahisi kuuzima mahali ambapo damu ilitolewa kwa uchunguzi bila mwenyewe kuambiwa inapelekwa wapi.

Baada ya uhuru, jaribio kubwa la kubadili hali hiyo lilikuwa kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambayo iliwakusanya takriban watu milioni 2 katika vikundi vilivyosikiliza redio, vikasoma kijitabu, vikajadiliana, kisha vikakubaliana la kufanya: kuchimba vyoo, kufyeka vichaka, kuchemsha maji ya kunywa. Nguvu ya kampeni hiyo ilikuwa katika majadiliano, kwa kuwa mwananchi aliyekwisha kuuliza na kujibiwa alichimba choo akijua sababu yake.

Kiswahili kimekwisha kuwaunganisha mgonjwa na mhudumu kwa kiwango ambacho dresa wa mwaka 1926 hakukijua, lakini udaktari bado unafundishwa kwa Kiingereza, na faili la mgonjwa huandikwa kwa lugha ambayo wenye mafaili wengi hawaisomi. Vyuo vya tiba havina budi kulihesabu somo la kumsikiliza na kumweleza mgonjwa kuwa sehemu ya utaalamu wenyewe, na kulipima katika mitihani kama yanavyopimwa masomo mengine, kwa sababu kazi iliyoachiwa madresa kwa miaka mingi ilikuwa tangu mwanzo kazi ya daktari.