Mzee Aliyesahau Njia si Mhalifu

Kwa muda mrefu mtu aliyepotewa na akili alikabidhiwa askari kabla ya kukabidhiwa mganga. Nchini Malawi ushahidi upo wazi. Mwaka 1910 wakoloni wa Kiingereza walifungua makao ya wagonjwa wa akili mjini Zomba, yakiwa sehemu ya gereza. Hospitali yenyewe ilipatikana mwaka 1953. Hali kadhalika, Sheria ya Uchawi ya mwaka 1911 ilifanya kuwa ni kosa kumsingizia mtu uchawi. Hata hivyo, karne moja baadaye vikongwe wameendelea kupigwa na kuuawa kwa tuhuma hizo. Kuzurura usiku, kuropoka na kutowatambua watoto wake mwenyewe huweza kumponza mzee, ilhali hizo ni dalili za maradhi ya ubongo yaitwayo demensia.

Na tuitazame Dzaleka, wilayani Dowa, kaskazini ya Lilongwe. Enzi ya Kamuzu Banda palikuwa gereza la wafungwa wa siasa. Tangu mwaka 1994 pamekuwa kambi ya wakimbizi, iliyokusudiwa watu wasiozidi 12,000, lakini ikafikia zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi waishio mijini warudi kambini, na askari wakatumwa kuitekeleza amri hiyo. Je, mkimbizi mzee aliyesahau hata jina lake, akikutwa barabarani Lilongwe, askari atajuaje kama amevunja amri au amepotea njia?

Swali hilo askari hawezi kulijibu peke yake. Mwezi Mei 2017, mjini Geneva, nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikubaliana kwamba ifikapo mwaka 2025 robo tatu ya nchi hizo ziwe na mikakati ya taifa kuhusu maradhi haya. Lengo hilo halikufikiwa. Mkakati wa serikali ndio utakaosema ni zahanati ipi impokee mzee, nani awafunze askari kuzitambua dalili, na nani awasaidie mabinti na wakwe wanaouguza nyumbani, wakiwemo wa Dzaleka.

Hadi hapo, anayefika kwanza ni askari. Akiukuta umati umemzunguka kikongwe, wajibu wake ni kumlinda, si kumhoji. Kutoka gerezani hadi hospitalini, Zomba ilichukua miaka 43. Wazee wa leo hawana muda huo.