Ulaini wa Usukani: Tarikhi ya Jostiki katika Michezo ya Safari za Anga

Mtu wa leo afunguaye mchezo wa kuendesha vyombo vya anga, akakuta ukurasa mzima wa mipangilio ya jostiki, wenye mistari iliyopinda na tarakimu za asilimia, aghalabu hudhani kuwa hayo ni mapambo ya mafundi wa programu, naye huyaacha kama alivyoyakuta. Dhana hiyo si sahihi. Kila tarakimu katika ukurasa ule ni jawabu la shida iliyomsumbua mtu mwenye mkono kama wake, na tarikhi ya majawabu hayo ni tarikhi ya mashine kufunzwa, hatua kwa hatua, tabia za mkono wa binadamu.

Asili yake iko Cambridge, katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Huko, katika chuo cha MIT, Steve Russell na wenzake walikamilisha mwaka 1962 mchezo wa Spacewar, ambamo merikebu mbili za anga ziliwindana kuizunguka nyota yenye mvutano, kwenye kioo cha kompyuta ya PDP-1. Hapo kwanza wachezaji waliziongoza kwa swichi ndogondogo za kompyuta yenyewe, ambazo hazikuwekwa kwa kazi hiyo. Viwiko viliuma, na aliyeketi karibu na kioo alimzidi mwenziwe pasipo insafu. Ndipo Alan Kotok na Bob Saunders walipokusanya vipuri katika chumba cha klabu ya treni ndogo za mfano, wakaunda visanduku viwili vya kuongozea, kila kimoja na wenzo wa kugeuzia merikebu kushoto na kulia, wenzo wa kuisukumia mbele, na kitufe cha kurushia makombora kilichofanywa kisitoe sauti, ili hasimu asitambue wakati wa kushambuliwa. Mkono ulipata raha yake, lakini swichi hujua mambo mawili tu, ndiyo na hapana. Haina namna ya kusema kidogo.

Katika mji uo huo, na chini ya chuo kicho hicho, swali la kusema kidogo lilipata jawabu kabla ya miaka kumi kutimia, nalo halikuwa la mchezo. Maabara ya vyombo ya MIT ilipewa kazi ya kuandika programu za kompyuta ya safari za Apollo, na mhandisi Robert Stengel alishughulikia namna rubani atakavyokigeuza kwa mkono chombo cha kutua Mwezini. Kama mwendo wa kugeuka ungelingana sawasawa na mwinamo wa usukani, rubani angelazimika kuchagua kati ya usukani mkali usiofaa kwa kazi nyororo, na usukani mzito usiofaa kwa dharura. Stengel akaweka hisabati iliyopinda: karibu na katikati, mwinamo mdogo ulizaa mgeuko mdogo sana, na kadiri mkono ulivyoelekea ukingoni mgeuko ulikua kwa kasi, hadi nyuzi 20 kwa sekunde katika mpango wa kawaida, au nyuzi 4 tu katika mpango wa kazi nyororo. Mstari uliopinda tuuonao leo katika michezo ni wa ukoo huo.

Michezo yenyewe iliifikia hekima hiyo kwa njia ndefu. Elite, iliyotungwa na David Braben na Ian Bell kwa ajili ya kompyuta ya BBC Micro na kutolewa mwaka 1984, ilijua kuwa wengi wa wachezaji wake wangetumia vibonye, ambavyo ni swichi kama zile za 1962; kwa hiyo programu iliweka katikati ya kidole na chombo kipimo cha mgeuko, kilichopanda kidogo kidogo kibonye kiliposhikiliwa, na kushuka kilipoachwa. Mchezaji aliyeusimamisha mchezo aliweza kubonyeza CAPS LOCK kuondoa au kurudisha utulizaji huo, A kuchagua kama kipimo kirudi katikati mara moja anapogeuza upande wa pili, K kuhamia kwenye jostiki, na Y kupindua juu na chini. Ukurasa wa mipangilio ulikwisha kuzaliwa, ijapokuwa haukuwa bado na sura.

Kwa upande wa kompyuta binafsi za IBM, zilizotoka mwaka 1981, shida ilikuwa nyingine. Jostiki yake ilikuwa na vikinza umeme viwili vilivyobadilika kwa mwinamo, na kompyuta iliupima mwinamo kwa kuhesabu muda wa kapasita kujaa, ambao haukuzidi sana elfu moja ya sekunde. Kompyuta yenye kasi zaidi ilipata hesabu kubwa kwa mwinamo ule ule. Ndiyo maana wachezaji wa Wing Commander ya 1990 na X-Wing ya 1993 walizoea kusawazisha jostiki, kwa kuipeleka pembeni kote na kuirudisha katikati. Fauka ya hayo, springi haikurudi daima mahali pamoja, na vikinza viliposagika chombo kilipotea njia ilhali mkono haukuigusa jostiki. Jawabu lilikuwa eneo tuli la katikati, ambamo mwinamo hauhesabiwi. Baada ya USB kuja mwaka 1996 hesabu ya kapasita iliachwa, na jostiki nyingi za ghali sasa hutumia sumaku na athari aliyoigundua Edwin Hall mwaka 1879, ambayo haina vipande vya kusuguana; lakini eneo tuli na mstari uliopinda vimebaki, kwa kuwa mkono wenyewe haukubadilika.

Na aangalie kila mwenye kutengeneza usukani wake faida ya hisabati hiyo. Mwinamo ukizidishwa kwa nafsi yake, nusu ya njia huwa robo ya nguvu, na sehemu moja ya kumi huwa moja ya mia, ilhali ukingoni nguvu yote ipo palepale. Kwa hiyo mlengaji hupata utulivu pasipo kupoteza wepesi wa kukimbia. Eneo tuli likiwa pana mno, masahihisho madogo hupotea ndani yake, mkono huongeza, chombo huruka kupita shabaha, na rubani huyumba kulia na kushoto kama nahodha mwenye usukani uliolegea. Basi eneo hilo lifanywe dogo kadiri jostiki inavyoruhusu, na nguvu ianzie sifuri pale linapokoma. Kisha mstari upindwe kidogo kidogo, ukijaribiwa kwa shabaha ya mbali, wala kasi ya ukingoni isipunguzwe kabla ya hapo, kwani apunguzaye ukingo ili kutuliza katikati hurudi kwenye chaguo lile lile gumu ambalo mafundi wa Apollo walitukomboa nalo.