"Unbwogable" na Ukimya wa Idara za Kiswahili

Makala haya yanakusudia kuufuatilia upokezi wa wimbo "Unbwogable" wa Gidi Gidi Maji Maji tangu ulipotolewa mwaka 2002, na kuuliza swali moja ambalo, kwa maoni yetu, limekwepwa. Kwa nini uhakiki wa maana wa wimbo huu, na wa rapu ya Kenya kwa jumla, uliandikwa kwa Kiingereza, ilhali wahakiki wa Kiswahili walikwisha kuwa na takriban zana zote zilizohitajika? Swali hili halihusu wivu wa idara. Linahusu nani anayepewa kauli pale wimbo unapoletwa mbele ya umma ili uhukumiwe.

Gidi Gidi Maji Maji ni vijana wawili, Joseph Ogidi na Julius Owino, waliokwisha kujulikana kwa albamu yao Ismarwa ya mwaka 2000. Mtayarishaji wao alikuwa Tedd Josiah wa Nairobi. Ikumbukwe kwamba kabla yao kundi la Kalamashaka kutoka Dandora lilikuwa limethibitisha, kwa "Tafsiri Hii" mwishoni mwa miaka ya 1990 na kwa albamu Ni Wakati ya mwaka 2001, kwamba Kiswahili cha mtaani kingeweza kubeba rapu nzito yenye taswira za Mau Mau na hasira ya maskini wa jiji. Kalamashaka waliogopwa kidogo na kupendwa sana. Lakini ni "Unbwogable" iliyobebwa hadi kwenye majukwaa ya kisiasa, na kwa sababu hiyo ndiyo iliyovuta wasomi.

Tuanze na neno lenyewe. Katikati kuna bwogo, kitenzi cha Kiluo chenye maana ya kutisha au kushtua. Mbele na nyuma kuna viambishi viwili vya Kiingereza. Kiswahili kingeweza kulisema jambo hilohilo bila kuazima chochote: asiyetishika. Kauli ya kutendeka, -ik-, inafanya kazi yote ya kile kiambishi tamati cha Kiingereza, na ukanushi wetu unatosha. Lakini asiyetishika ni neno timamu mno. Halina pengo.

Pengo ndilo lililolisafirisha neno la wimbo huu. Tumchukue msikilizaji wa Chepsaita, kijiji cha eneo la Turbo, magharibi ya Eldoret. Nyumbani huzungumza Kinandi, sokoni Kiswahili, shuleni amefunzwa Kiingereza. Umbo la nje la neno analitambua mara moja, kwa kuwa kila mwanafunzi wa darasa la nane amekutana na maneno ya mtindo huo katika vitabu vyake. Kiini chake hakijui. Anajua kwamba kuna kitendo fulani ambacho msemaji hawezi kutendewa, na kitendo hicho anakijaza mwenyewe kutokana na hali aliyo nayo. Msikilizaji wa Kisumu hana uhuru huo. Kwake kiini kimekwisha kujazwa na lugha ya mama. Kwa hiyo tangu mwanzo palikuwa na matini mbili, na ya pili ilikuwa na wasikilizaji wengi zaidi.

Muungano wa NARC ulilichukua neno hilo katika kampeni zilizoishia kwenye uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2002, ambapo Mwai Kibaki alimshinda Uhuru Kenyatta wa KANU na miaka 24 ya utawala wa Daniel arap Moi ikafikia kikomo. Kilichochukuliwa kilikuwa kiitikio. Beti, ambazo zinataja viongozi na mashujaa wa Kiluo mmoja baada ya mwingine, ziliachwa njiani. (Wapenzi wa ushairi wa kimapokeo watatusamehe tukisema kwamba hapa kibwagizo kilibwaga wimbo wake.) Mkato huu ndio tukio kuu katika historia ya upokezi wa "Unbwogable". Ulikuwa ni tendo la uhakiki, ingawa haukufanywa na mhakiki: umati ulichagua sehemu ya matini iliyoweza kuwa ya wote na kuisahau ile iliyokuwa ya baadhi.

Katika Bonde la Ufa, mkoa uliompa Uhuru Kenyatta kura nyingi kuliko Kibaki mwaka ule, haikuwa rahisi kuusikia mkato huo kama ukombozi mtupu. Na baada ya tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilipochomwa na watu waliokimbilia humo wakafa, ikawa vigumu mno kwa msomaji wa Uasin Gishu kuyachukulia majina yaliyomo katika beti kana kwamba ni pambo tu. Hatusemi kwamba wimbo ulileta maafa hayo. Dai hilo lingekuwa la kipuuzi. Tunasema kwamba beti zilizoachwa mwaka 2002 zilirudi, na yeyote anayesoma kiitikio peke yake leo anasoma nusu ya matini.

Utafiti uliouweka wimbo huu katika ramani ya kitaaluma ni ule wa Joyce Nyairo na James Ogude, uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la African Affairs, ambao unaihusisha "Unbwogable" na kile wanachokiita nahau za uhuru katika muziki pendwa wa Kenya. Nyairo alikuwa mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Moi, chuo kilichoanzishwa mwaka 1984 na kupewa jina la rais yuleyule ambaye wimbo ulitumiwa kuukejeli utawala wake. Mwaka mmoja kabla yao, Evan Mwangi alikwisha kuhoji, katika Tydskrif vir Letterkunde, uhusiano wa uzalendo na uanaume katika rapu ya Afrika Mashariki, na hoja yake bado ina makali: taifa lisilotishika, katika nyimbo hizi, mara nyingi ni taifa la wanaume. Mwaka 2009 kikafuata kitabu cha Mwenda Ntarangwi kuhusu rapu na vijana wa eneo zima. Kazi hizi zote ni za Kiingereza.

Na upande wa Kiswahili? Huko mjadala ulitekwa na Sheng. Swali lililoulizwa semina baada ya semina lilikuwa kama Sheng inaharibu Kiswahili shuleni. Ni swali halali la mwalimu, lakini si swali la mhakiki wa fasihi. Lilifanya rapu ionekane kama dalili ya ugonjwa wa lugha, na dalili haihakikiwi, hutibiwa. Hasara hii inashangaza zaidi tukikumbuka jina moja. Mohamed Abdulaziz wa Chuo Kikuu cha Nairobi ndiye aliyetupatia, mwaka 1979, kitabu kikuu kuhusu Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa wa karne ya 19. Na ni yeye huyohuyo ambaye mwaka 1997, pamoja na Ken Osinde, aliandika makala kuhusu Sheng na Engsh za vijana wa mijini. Muyaka na Sheng walikaa juu ya meza moja. Ajabu ni kwamba wanafunzi wetu wengi waliosoma kazi hizo mbili walizipanga katika rafu mbili tofauti.

Wangeziunganisha, wangeona kwamba "Unbwogable" ni majigambo. Waluo wana istilahi yao, pakruok, kwa sanaa ya kujisifu mbele ya hadhira. Mtaala wa fasihi simulizi ya Kiswahili una majigambo na vivugo, na wanafunzi wa sekondari hutakiwa kuvitolea sifa katika mtihani. Muyaka naye aliitetea Mombasa ya Mazrui dhidi ya Sayyid Said kwa beti za kujitapa na kudharau adui, beti zenye majina na mafumbo ambayo wasikilizaji wa mji ule waliyafumbua bila msaada. Kutaja majina ya wakuu wa upande wako si ukabila kwa ulazima wake. Ni kanuni ya utanzu. Kinachobadilika ni hadhira, na utanzu uliotungiwa mji mmoja unapopelekwa kwa taifa zima lazima utatize. Hoja ya aina hii ndiyo ambayo uhakiki wa Kiswahili ungeichangia, na haikuchangiwa.

Hata mgogoro wa ushairi wa miaka ya 1970 ungetufaa. Sheikh Amri Abedi, katika kitabu chake cha mwaka 1954, aliufunga ushairi na vina, mizani na kuimbika. Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 alivunja vina na mizani, na wanamapokeo wakamshambulia. Rapu ya Kalamashaka ina vina vingi kuliko tungo nyingi za vitabuni, nayo huimbika. Mizani yake haihesabiwi kwa silabi bali kwa mapigo ya ngoma. Kwa kipimo cha Abedi, vijana wa Dandora wako karibu naye kuliko Kezilahabi. Sijaona mwanamapokeo aliyejitokeza kuwapokea.

Kwamba jambo hili lina uzito nje ya madarasa yetu linathibitishwa na kesi ya Marekani. Mwezi Juni 1990 jaji wa Florida aliamua kwamba albamu As Nasty As They Wanna Be ya 2 Live Crew, iliyotoka mwaka 1989, ni chafu kisheria. Mwezi Oktoba wanamuziki hao waliposhtakiwa kwa onyesho lao, Henry Louis Gates, mhakiki wa fasihi, alitoa ushahidi kwamba maneno yao yasomwe ndani ya mapokeo ya Waamerika weusi ya utani, dhihaka na kutia chumvi. Wakaachiwa. Mwaka 1992 mahakama ya rufaa iliitengua hukumu ya 1990 kwa hoja ambayo kila mhakiki angepaswa kuijua: jaji hawezi kuamua kwamba kazi haina thamani ya kisanaa kwa kuisikiliza tu yeye mwenyewe, pasipo ushahidi wa kuwapinga wataalamu. Kimberlé Crenshaw, kwa upande wake, aliandika mwaka 1991 kwamba utani huo bado uliwadhalilisha wanawake weusi, hata kama mashtaka yenyewe yalikuwa na ubaguzi. Pande zote mbili zilisoma maneno.

Kwetu, mwaka 2012 waimbaji watatu wa nyimbo za Kigikuyu walishtakiwa kwa matamshi ya chuki. Mwaka 2019 mkuu wa bodi ya kuainisha filamu alitangaza kwamba "Wamlambez" ya Sailors na "Tetema" ya Rayvanny na Diamond Platnumz zisichezwe nje ya vilabu. Desemba mwaka huohuo King Kaka alitoa "Wajinga Nyinyi", na taifa zima likabishana kama mwananchi ametukanwa. Mabishano hayo yalihusu nafsi ya pili wingi: je, nyinyi ni nani, wapiga kura, viongozi, au msemaji akijijumuisha kwa kinyume? Hilo ni swali la darasa letu la usemi na nafsineni. Lilijibiwa na wanasiasa.

Mwanafunzi wa uzamili atakayetaka kuanza anaweza kuanza na jambo dogo. Katika sentensi ya Kiswahili, unbwogable halichukui kiambishi cha upatanisho: mtu unbwogable, watu unbwogable, nchi unbwogable. Ndivyo yanavyotenda pia jasiri na imara, maneno yaliyotujia kutoka Kiarabu, ambayo hakuna anayeyaita leo uharibifu wa lugha.