Kiwavi Mchimba-Majani na Mchungwa wa Nyumbani: Sura Moja ya Historia ya Florida

Mwaka 1856 Henry Tibbats Stainton, mtaalamu wa nondo kutoka Uingereza, alichapisha maelezo ya nondo mdogo aliyepatikana Calcutta, akampa jina Phyllocnistis citrella. Mdudu huyo akikunjua mabawa yake, upana wake haufiki hata nusu ya sentimeta. Wanahistoria wa kilimo hupenda kuandika juu ya nzige, na hawana sababu ya kumtazama kiumbe wa kadiri hii. Hata hivyo, katika nchi mbali na India, nondo wa Stainton aliingia katika ugomvi mkubwa kati ya serikali na raia juu ya miti iliyopandwa nyuma ya nyumba. Ugomvi huo ndio tunaotaka kuusimulia. Katika makala haya neno mchungwa litachukuliwa kwa maana pana, pamoja na mlimau, mndimu, mchenza na mbalungi.

Hapana budi kueleza kwanza kazi ya mdudu mwenyewe. Nondo jike hutaga yai moja moja juu ya jani changa. Kiwavi akitoka, hupenya papo hapo chini ya utando wa jani na kunyonya maji ya seli zake, akiacha nyuma njia ya rangi ya fedha inayopindapinda, yenye mstari wa kinyesi katikati. Akiisha kukua huukunja ukingo wa jani na kugeuka pupa ndani ya mkunjo. Mzunguko huo wote huchukua kati ya siku 13 na 52 kwa kadiri ya joto. Jani lililokomaa na kuwa gumu halimfai kitu. Kwa hiyo mche wa kitaluni, ambao majani yake karibu yote ni machanga, waweza kudumaa. Bali mti wa miaka minne na zaidi hupoteza uzuri wa machipukizi yake tu, na matunda huendelea kama kawaida.

Nondo huyu aligunduliwa Florida mwezi wa Mei 1993, katika eneo la Homestead, kusini ya Miami. Mahali hapo palikuwa pamepigwa na kimbunga Andrew mwezi wa Agosti 1992. Mti uliovunjwa matawi huchipua kwa wingi, nasi twadhani kwamba mgeni alikuta meza imekwisha kutandikwa. Katika muda wa mwaka mmoja hivi alikuwa ameenea karibu jimbo lote. Mwaka 1994 akaonekana Louisiana na Texas. Upande wa pili wa Atlantiki mambo yalikwenda vivyo hivyo: Hispania mwaka 1993, kisha Moroko, Algeria, Tunisia na Italia mwaka 1994. Brazili ilifikiwa mwaka 1996.

Mwenye nyumba aliyeona majani yake yamejikunja alifanya lile ambalo wengi wetu tungelifanya: alinunua dawa. Lakini kiwavi amelala chini ya utando, na dawa nyingi zinazonyunyizwa juu ya jani hazimfikii. Waliofikiwa ni nyigu wadogo wenyeji, ambao walikuwa wamekwisha kuanza kumshambulia mgeni. Wengine walishika mkasi wakakata kila tawi lenye majani mabaya, na mti ukajibu kwa kutoa machipukizi mapya, yaani chakula kipya cha kiwavi. Mbolea nyingi ya nitrojeni ilizaa matokeo hayo hayo. Ushauri wa wataalamu ulikuwa mgumu kupokelewa kwa sababu ulikuwa mwepesi mno: jani lililochimbwa liachwe mtini, kwani sehemu yake iliyo nzima bado yalisha mti, yang'olewe machipukizi yenye nguvu yanayoota shinani, mafuta mepesi ya kunyunyizia, yanayomzuia nondo kutaga, yatumiwe kwa miche tu. Ni vigumu kumwambia mtu kwamba tiba ya mti wake ni kutoufanyia kitu.

Kazi kubwa zaidi ilifanywa mbali na bustani hizo. Marjorie Hoy wa Chuo Kikuu cha Florida alikwenda kutafuta adui wa asili wa nondo huyu. Mwaka 1994 aliingiza kutoka Australia nyigu mdogo sana, Ageniaspis citricola, ambaye Waaustralia wenyewe walikuwa wamemtoa Thailand. Yai moja la nyigu huyo, likiwekwa ndani ya yai la nondo au kiwavi mchanga, hugawanyika na kutoa watoto kadhaa wanaomla mwenyeji wao. Alistawi upesi Florida penye unyevu; katika sehemu kavu za Hispania hakudumu, ikabidi watumie nyigu wa aina nyingine.

Kama historia ingeishia hapo, ingekuwa habari ya furaha. Lakini mwaka 1995 karibu na Miami uligunduliwa tena ugonjwa wa donda la michungwa, unaoletwa na bakteria. Florida ilikuwa imewahi kuutokomeza mara mbili, mwaka 1933 na mwaka 1994. Safari hii hali ilikuwa tofauti. Ieleweke kwamba nondo habebi bakteria. Husafirishwa na mvua yenye upepo, na pia na mikono na vyombo vya watu. Lakini kila njia ya kiwavi ni jeraha refu lililo wazi. Mdudu ambaye peke yake hakuwa na madhara makubwa kwa mti mzima aliwafungulia wengine mlango.

Serikali ya jimbo, ikitetea mashamba makubwa ya biashara, iliamua kukata. Hapo mwanzo mti mzima wa afya ulikatwa ukiwa ndani ya futi 125 kutoka mti mgonjwa. Kuanzia mwaka 2000 kipimo kikawa futi 1,900, yaani meta 579: mti mmoja mgonjwa uliweza kuhukumu yote katika eneo la zaidi ya kilometa moja ya mraba. Katika miji hilo lilimaanisha mitaa mizima. Mwenye nyumba alipewa hati ya dola 100 ya kununulia vitu dukani kwa mti wa kwanza, na dola 55 kwa kila mti uliofuata. Hatusemi kwamba hofu ya serikali haikuwa na msingi. Twasema kwamba gharama ya hofu hiyo ilitupwa juu ya watu ambao hawakuuza chungwa hata moja.

Mahakama Kuu ya Florida iliikubali sheria hiyo mwaka 2004, ila ikatamka kwamba dola 55 ni kiwango cha chini tu. Vimbunga vya mwaka 2004 na 2005 vikaisambaza bakteria kupita uwezo wa misumeno, na mwezi wa Januari 2006 mpango ukaachwa, baada ya miti zaidi ya milioni 16 ya mashambani, vitaluni na nyumbani kuangamizwa. Mwaka 2008 wenye nyumba wa Broward walishinda kesi na kuamuliwa walipwe zaidi ya dola milioni 11. Wa Palm Beach walifuata mwaka 2011, kwa dola milioni 19. Mwaka 2017 bunge la jimbo lilitenga dola milioni 37 za kuwalipa watu wa Broward na Lee; gavana alilifuta fungu hilo kwa kalamu yake.