Babake Obama pia hakuwa na cheti

Swali huwa ni lile lile, maneno tu ndiyo yanabadilika. "Bro, nina sapu nne, naweza hamia chuo kikali?" "Nilifukuzwa shule, kuna chuo kitanichukua?" Watu wananiuliza mimi kwa sababu wanajua niliacha kampasi mwaka wa pili karo ilipogoma. Sasa leo sitawapa motivesheni. Nitawapa historia, maana kuna mtu wa huku kwetu alipitia hii kitu na stori yake huwa inasimuliwa nusu.

Barack Obama. Si yule wa Ikulu ya Marekani. Babake.

Mzee aliingia Maseno School mwaka wa 1950. Kichwa alikuwa nacho, hilo hakuna anayebisha. Shida ilikuwa kwingine: hakupenda kuamrishwa. Kufikia 1953 mkuu wa shule, Mzungu, hakumtaka tena pale, na Obama akaondoka bila cheti cha Cambridge.

Usichukulie hiyo juu juu. Enzi za mkoloni, bila hicho cheti ulikuwa umefungiwa nje. Chuo kikuu cha Afrika Mashariki kilikuwa kimoja, Makerere, na kilichukua wachache sana. Hakukuwa na kozi ya daraja wala "parallel" ya kulipia. Ukikosa, unatafuta kazi ya ukarani na unanyamaza. Obama akawa karani. Akaoa, akapata mtoto, na wenzake waliobaki darasani wakaendelea kupanda ngazi akiwatazama.

Hapa ndipo wengi huruka, wanasema "halafu akaenda Amerika". Hapana. Kati ya Maseno na Amerika kuna miaka 6. Hiyo miaka 6 ndiyo stori yenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya 50 alipata kazi Nairobi kwa Elizabeth Mooney, mwalimu Mmarekani aliyekuja kufundisha watu wazima kusoma na kuandika. Alianza kama mtu wa ofisi, lakini akaishia kuandika vitabu. Kwa Kijaluo! Mfululizo unaitwa Otieno Jarieko, yaani Otieno mwenye akili, na kimoja kinafundisha njia nzuri za kulima shamba. Vilichapishwa 1959. Wakati huo huo alikuwa anasoma kwa njia ya posta, na kuandikia vyuo vya Amerika barua moja baada ya nyingine.

Hebu jiweke kwenye kiti cha yule mtu wa chuo anayefungua hiyo bahasha. Cheti cha shule hakipo. Lakini kuna mitihani aliyofanya baadaye, kuna vitabu vyenye jina lake, na kuna barua ya mwalimu anayemjua kwa kazi ya kila siku. Shule ilisema huyu ni msumbufu. Hizo karatasi nyingine zilisema ni msomi. Chuo Kikuu cha Hawaii kikaamini za pili.

Mwaka huo huo, Septemba 1959, ndege ya Tom Mboya ilibeba wanafunzi 81 kwenda Marekani. Obama hakuwa ndani. Alienda kivyake, na sehemu kubwa ya pesa ilitoka kwa Mooney na rafiki yake Helen Roberts. Kwa hivyo ukisikia mtu akisema "alijitoa mwenyewe", mwambie apunguze. Kuna watu walisimama naye, tena walitoa mfukoni.

Hawaii alimaliza digrii kwa miaka 3, na akaingizwa Phi Beta Kappa, chama cha wanafunzi bora kabisa kule. Mwaka wa 1962 akaingia Harvard kusomea uchumi. Kutoka kwa mtu asiye na cheti cha sekondari hadi Harvard, miaka 9.

Ningeweza kuishia hapo mpige makofi. Lakini ningekuwa nimewadanganya.

Mwaka wa 1964, akiwa amepita mitihani ya PhD, Harvard haikumpa pesa za kuendelea, na idara ya uhamiaji ikakataa kumwongezea muda wa kukaa. Faili lake la uhamiaji lilikuja kutolewa hadharani miaka mingi baadaye. Linaonyesha wazi kwamba shida haikuwa alama. Walikuwa wanalalamikia mambo yake ya wanawake na ndoa. Akarudi Kenya bila PhD. Huku bado akajulikana kama Dr. Obama, na hiyo "Dr." hakuwahi kuipata.

Mnaona kitu? Mara zote mbili hakutolewa kwa sababu ya akili. Alitolewa kwa sababu watu wenye mamlaka hawakumpenda alivyo. Mara ya kwanza alikuwa na miaka 6 ya kazi ya kuonyesha na mtu wa kumtetea. Mara ya pili hakuwa na wa kusimama naye, na alama nzuri peke yake hazikumuokoa.

Mwanawe naye alihama. Mwaka wa 1981 alitoka Occidental, California, akaingia Columbia, New York. Yeye mwenyewe amesema miaka ya kwanza hakuwa serious na vitabu. Lakini kule kwao kuhama chuo ni jambo la kawaida, kuna mlango wake na fomu zake. Sisi dirisha la KUCCPS la kuhama hufunguliwa kwa muda mfupi baada ya nafasi kutangazwa, na kama pointi zako hazifiki, hufiki. Ukitaka kuhama katikati ya masomo, chuo kipya kinadai transkripti ya kule ulikotoka. Mimi yangu bado imeshikiliwa kwa sababu ya baki ya karo. Siwezi hata kuonyesha nilizopita.

Ndiyo maana nikiulizwa "nifiche gredi zangu?" nasema usithubutu. River Road watakuuzia karatasi safi, lakini Obama hakuingia Hawaii kwa kujifanya alimaliza Maseno. Aliingia kwa alichofanya baada ya Maseno.

Kwa hivyo wewe mwenye sapu nne, swali langu si ulipata nini kidato cha nne wala mwaka wa kwanza. Tangu siku hiyo, umefanya nini ambacho mtu anaweza kukishika mkononi? Na ni nani amekuona ukikifanya, awe tayari kukuandikia barua?

Kama bado huna jibu, miaka 6 ya Obama ilianzia kwenye meza ya karani. Anzia hapo ulipo.