Semafori: Kutoka Relini hadi Kwenye Kompyuta

Sisi tunaosoma hapa Dubai hupanda Metro bila kuuliza dereva yuko wapi. Hayupo. Tangu tarehe 9 Septemba 2009 treni hizo zinaongozwa na kompyuta. Lakini swali linalowahusu wanafunzi wa programu ni la zamani kuliko Metro: wawili wakitaka njia moja kwa wakati mmoja, nani atangulie?

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Reli ya Mombasa hadi Kisumu, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901, ilikuwa ya njia moja. Treni zilipishana stesheni, moja ikingoja nyingine ipite. Katika miaka ya 1960, Mholanzi Edsger Dijkstra aliazima jina la ishara ya reli, semafori, akaipa kompyuta kazi ileile: uzi mmoja wa programu ukishika data, mwingine ungoje.

Pasipo semafori hutokea nini? Tuchukue akaunti yenye dirhamu 100. Nyuzi mbili zinataka kuongeza dirhamu 10 kila mmoja. Zote zikisoma 100 kabla ya wowote kuandika, kila uzi utaandika 110. Dirhamu 10 zimepotea, na kompyuta haikulalamika.

Kosa la namna hii limewahi kuua. Kati ya 1985 na 1987, mashine ya mionzi ya Therac-25 iliwapa wagonjwa sita wa Marekani na Kanada mionzi iliyopita kiasi, na baadhi yao walifariki. Katika ajali za Texas za mwaka 1986, hitilafu ilijitokeza pale mwendeshaji mzoefu aliporekebisha maagizo kwa kasi. Aliyeandika polepole hakuiona.

Hapo ndipo penye somo letu. Programu kupita majaribio mara 100 si ushahidi. Huenda nyuzi hazijakutana pabaya bado. Kwa hiyo tunapojaribu, tuongeze nyuzi, na tuzicheleweshe kwa makusudi kati ya kusoma na kuandika, ili kosa lililojificha litoke. Kufuli zikiwa mbili, kila uzi uzichukue kwa mpangilio mmoja. La sivyo, huyu atashika ya kwanza, yule ya pili, na wote wangoje milele.

Na kabla ya kuandika mstari wowote, tuulize kama bwana stesheni: njia ipi inatumiwa na wengi, na sasa ni zamu ya nani?